Ghala la picha za Doctor Who: kila sekunde, au chache za kuchaguliwa?

Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari, ambaye waigizaji mbalimbali wamemwigiza kwa zamu, ilirushwa na BBC kwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963, na kufikia sasa ina vipindi zaidi ya 800. Anayetaka kuweka ghala la picha za tamthilia ya umri huo akiwa hapa Mombasa, na kompyuta moja, bando la kuhesabu na marafiki wawili watatu wa kumsaidia, itabidi achague mapema ni kazi ya namna gani anaianza. Wengi huanza kwa kuuliza picha zitakaa wapi. Naona hilo linaweza kungoja. Kinachoamua kama ghala litaishi ni idadi: mtakamata fremu, yaani picha moja tuli, ya kila sekunde ya kila kipindi, au mtakaa mchague chache, moja moja, na kuziandikia maelezo?

Nimeziweka njia hizo mbili pamoja ili mtu azilinganishe kabla hajajaza diski. Iko na ya tatu, ambayo watu huisahau kwa sababu haitoki kwenye skrini.

Kila sekunde

Kwa kazi ya mikono, hii ndiyo nyepesi. Programu ya bure ya ffmpeg inapewa amri ya mstari mmoja, nayo inatoa fremu moja kila sekunde mpaka kipindi kiishe. VLC, programu ya kuchezea video, pia inaweza, ukiwasha kichujio chake cha kuhifadhi mandhari. Unaiacha ikiendelea, unatoka kunywa kahawa Mji wa Kale, ukirudi imemaliza.

Tuchukue enzi ya Tom Baker, aliyemwigiza Daktari 1974 hadi 1981, ambayo wazee wa kundi huitaka kwanza. Ni vipindi 172, kila kimoja kama dakika 25. Dakika 25 ni sekunde 1,500, basi kila kipindi kitatoa picha 1,500 na enzi nzima 258,000. Kwa kilobaiti 100 hivi kila picha, jumla ni gigabaiti 26, na diski yoyote ya nje ya siku hizi inazimeza bila taabu. Vipindi vya kuanzia 2009, mwaka ambao tamthilia ilianza kurekodiwa kwa ubora wa juu, ni habari nyingine: vingi ni vya dakika 45, picha ni kubwa, na kipindi kimoja peke yake kinaweza kukaribia gigabaiti nzima.

Faida yake ni kwamba hakiachwi kitu. Fundi wa nguo anayetaka kujua koti lina vifungo vingapi atapata fremu inayovionyesha. Mchoraji anayetaka kuziona swichi za meza ya TARDIS, chombo cha kusafiria cha Daktari, kutoka pembe nne atazipata zote nne. Hata kivuli cha maikrofoni kilichopita ukutani kwa sekunde mbili kitakuwemo, na hakuna binadamu ambaye angekaa akakichagua.

Taabu inaanza siku ya kutafuta. Picha inayoitwa 00731.jpg haikuambii lolote, na hizo ziko robo milioni. Tuseme kila picha inahitaji nusu dakika tu ya kuandikiwa nani yumo na yuko wapi. Hiyo ni dakika 129,000, yaani saa 2,150. Mtu akijitolea saa kumi kila wiki, na mtu mwenye kazi na watoto hawezi kuzitoa, atamaliza baada ya miaka minne na ushei, na hapo amemaliza Daktari mmoja tu. Kwa hivyo hakuna anayeandika. Ghala linabaki mlima wa picha ambamo sehemu kubwa ni macho yaliyofumbwa, mikono iliyotia ukungu kwa kutembea, na ukuta uleule mara arobaini. Kijana akikuuliza, "Ami, hizi laki mbili na nusu wewe mwenyewe utaziangalia lini?" huna la kumjibu.

Kuchagua kwa mkono

Njia hii ina mtangulizi ambaye kila shabiki wa Doctor Who anapaswa kumjua, na ndiye aliyenishawishi. John Cura alikuwa Mwingereza aliyefanya biashara ya kupiga picha za kamera kutoka kwenye skrini ya televisheni wakati kipindi kinarushwa. Wakati huo hakukuwa na kanda za video nyumbani. Mwigizaji au mwongozaji aliyetaka kumbukumbu ya kazi yake alinunua karatasi za vipicha vidogo vya Cura. Kwa kipindi kimoja cha Doctor Who alipiga kama sitini hivi au zaidi kidogo, akafa mwaka 1969.

Kisha BBC ikafuta kanda zake nyingi, na nakala za filamu zikatupwa, hadi miaka ya 1970. Vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 havijulikani viliko. Kwa vingi kati ya hivyo, si vyote, vipicha vya Cura ndicho karibu kitu pekee cha kuangalia kilichobaki. Sauti zipo, kwa sababu watoto na vijana walizirekodi nyumbani kwa tepu, na mashabiki wakaunganisha sauti hizo na picha, hadithi ikafuatika tena. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria, vya hadithi za The Enemy of the World na The Web of Fear (hadithi moja ilienda vipindi kadhaa). Kipindi cha tatu cha The Web of Fear hakikuwemo, na anayetaka kukifuata anakifuata kwa picha za Cura na sauti ya tepu, au kwa katuni iliyotengenezwa 2021 juu ya sauti hiyo.

Picha sitini na kitu, kwa dakika 25, zilitosha kuibeba hadithi. Sijaona hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa mtu anayepima aanze na ngapi.

Rudi sasa kwa Tom Baker. Kwa picha 65 kila kipindi, vipindi 172 vinatoa picha 11,180. Ni gigabaiti moja na kidogo. Zinaingia kwenye flashi ya bei ya chini kabisa dukani. Hata ukitoa dakika mbili kamili kwa kila picha, ambazo ni nyingi na zinatosha kuandika sentensi ya maana, ni saa 373. Watu watatu wakitoa saa tatu tatu kwa wiki wanamaliza kabla ya mwaka kwisha, na wanamaliza kikweli: kila picha ina jina, wahusika, mahali na dakika yake.

Kasoro yake ni jicho la mchaguzi. Mwachie mtu achague apendavyo, atakuletea nyuso za karibu, Dalek (wale adui wa Daktari walio ndani ya maganda ya chuma), na mlipuko. Hutaona ukuta, hutaona askari wa nyuma asiye na jina, hutaona mkono wa mlango. Msafiri mwenza ambaye mchaguzi hampendi atapata picha tatu katika hadithi nzima. Dawa yake ni kanuni iliyoandikwa kabla ya kuanza, na kila mmoja aifuate: kila onyesho lipate picha moja ya mbali inayoonyesha mahali pote, moja ya kila anayesema, na moja ya kitu au chombo kilichotumika. Majina ya waigizaji na watengenezaji, ya mwanzo na mwisho wa kipindi, yapigwe pia. Mchaguzi akitaka kuongeza uso anaoupenda, ruhusa, baada ya hizo.

Kwa wenye haraka, haya ndiyo yanayopimika, yote kwa enzi ya Tom Baker:

| | Kila sekunde | Kuchagua |
|---|---|---|
| Picha | 258,000 | kama 11,000 |
| Nafasi | gigabaiti 26 | gigabaiti 1 na kidogo |
| Saa za kuandika maelezo | 2,150, kwa nusu dakika | 373, kwa dakika mbili |
| Kutafuta mhusika au chombo | hakuna namna | unaandika neno, inakuja |
| Kutafuta kifungo cha koti | ipo, ukiwa na subira | bahati nasibu |
| Kupandisha mtandaoni kwa bando | ghali | siku chache |

Kuna kundi ambalo njia ya kwanza inalifaa kwa dhati: washonaji na watengenezaji wa vyombo vya tamthilia. Hao wasichague. Lakini nao wakamate hadithi wanayoifanyia kazi tu, wachukue wanachokitaka, na wasiite lundo hilo ghala.

Picha inatoka diski gani

Hapa njia zote mbili zina mitego ileile, na yenye mitego zaidi ni DVD. DVD za Uingereza zina picha ya pikseli 720 kwa 576, lakini pikseli zake si mraba. Ukiihifadhi ilivyo, nyuso za enzi ya zamani zinatoka nyembamba kuliko zilivyo. Inyooshe iwe 768 kwa 576. Halafu kanda za studio za enzi hizo zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri zamu yake na ya shufwa zamu yake. Ukikamata fremu mtu akiwa anakimbia, na katika Doctor Who mtu huwa anakimbia, kingo zake zinatoka na meno kama ya kitana. Kichujio cha yadif ndani ya ffmpeg kinaondoa meno hayo. Kiwashe kabla ya kukamata, kwa sababu picha ikishahifadhiwa na meno haisafishiki vizuri.

Blu-ray za vipindi vya zamani zina picha safi, ila usidhani kila moja ina undani mpya. Vilivyorekodiwa kwa video ya studio vimekuzwa tu. Spearhead from Space ya 1970, hadithi ya kwanza ya Jon Pertwee akiwa Daktari na ya kwanza kwa rangi, ndiyo ya kutofautishwa: yote ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, na Blu-ray yake ya 2013 ina undani wa kweli. Kundi likiwa na pesa za diski moja tu ya kujifunzia, linunue hiyo.

Kukamata kutoka huduma za kutazama mtandaoni mara nyingi kunatoa mraba mweusi, kwa sababu picha imefungwa. Hilo linatuingiza kwenye sheria.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi. Inalinda filamu na vipindi kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka vilipotengenezwa au vilipotolewa kwa umma, lolote lililokuja mwisho. Mtu mwepesi wa hesabu atasema vipindi vya William Hartnell, Daktari wa kwanza, vya 1963 basi vimeshakuwa vya wote. Yakhe, polepole. Maandishi ya mwandishi yana hesabu yake, miaka 50 baada ya kufa kwake. Terry Nation, aliyewabuni Dalek, alifariki 1997, na warithi wake wana haki juu ya Dalek mbali na za BBC. Isitoshe, kitu kikiwekwa mtandaoni kinafunguliwa Uingereza vilevile kinavyofunguliwa Kisauni, na huko muda wa ulinzi ni mrefu zaidi.

Sheria hiyohiyo inaruhusu matumizi ya haki kwa uhakiki, kwa mradi wa kutaja chanzo. Picha sitini zilizoandikiwa maelezo ya kinachoonekana, nani aliongoza na nini cha kuangalia, zinakaribia uhakiki. Picha 1,500 zisizo na neno hata moja zinakaribia kuwa kipindi chenyewe. Sisemi kwamba za kwanza ziko salama. Nasema ukiandikiwa barua, utakuwa na la kujieleza. Na barua inaweza kuja, kwani marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa mwenye haki kumtaka mtoa huduma ya mtandao aondoe kazi yake. Msiuze picha, msiweke matangazo ya biashara, na mkiambiwa ondoeni, ondoeni siku hiyohiyo.

Ya tatu: picha zenu wenyewe

Hii haina ushindani na hizo mbili kwa wingi, lakini ndiyo pekee ambayo hakuna mwingine duniani anayo. Mavazi ya wahusika yaliyoshonwa hapa, Dalek wa maboksi na ndoo, michoro ya vijana waliomjua Daktari kupitia Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, aliyeichukua nafasi hiyo 2023 na kuishika hadi 2025. Picha za Tom Baker mashabiki wa Uingereza wanazo za kumwaga. Kijana aliyevaa skafu ndefu ya sufu kwenye joto la Februari la Mombasa, hawana. (Ishoneni kwa kitambaa cha pamba, tafadhali. Biashara Street ipo.)

Haki ya picha hapa ni ya aliyepiga, basi mpeane ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu uliohifadhiwa. Waliomo ndani ya picha nao wana haki zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia picha inayomtambulisha mtu, na kwa mtoto ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi. Mwombeni mama mtu kabla ya kupiga.

Sasa, zikae wapi

Nilisema hili lingoje, na kwa picha 11,000 limekuwa jepesi. Mitandao ya kijamii inafaa kwa kuonyesha, haifai kwa kuhifadhi: Facebook na Instagram huibana picha na kufuta karibu maelezo yote yaliyoandikwa ndani yake, yaani ile kazi ya saa 373. WhatsApp nayo huibana, isipokuwa ukituma kama faili. Hifadhi za bure zina tabia ya kubadilisha masharti. Google Photos ilikuwa haina kikomo mpaka Juni 2021, ikarudi kwenye gigabaiti 15. Flickr ilipunguza akaunti za bure hadi picha 1,000. Photobucket mwaka 2017 ilizuia picha zake zisionekane kwingine bila malipo ya dola 399 kwa mwaka, na kurasa za mashabiki dunia nzima zikabaki na vibao vitupu.

Seva ya kukodi yenye programu ya bure ya Piwigo inagharimu pesa kila mwaka, lakini picha zinatoka na maelezo yake siku yoyote mkitaka kuhama. Kwa kundi linalochagua kwa mkono, hiyo ndiyo ningechukua. Kwa linalokamata kila sekunde, gharama ya nafasi na ya kupandisha italiumiza mapema. Na seva ikiwa Ulaya, picha zinapita nyaya za chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapahapa Mombasa 2009, lakini kuzaliwa mlangoni kwao hakutusaidii zinapokatika, kama Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukadorora. Kwa hivyo nakala kamili iwe nyumbani, isomeke bila mtandao.

Nyumbani kwetu kuna adui wawili, chumvi ya upepo na unyevu. Diski iliyokaa wazi karibu na dirisha la Nyali au Likoni inaota kutu kwenye tundu la waya, na DVD zinashika ukungu. Weka kila kitu kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vijifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikichoka. Nakala ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Akiwepo jamaa Voi au Nairobi, kuliko kukavu, mpelekee.

Majina ya faili myaamue kabla ya picha ya kwanza, na yawe yanayopangika yenyewe: msimu13-hadithi3-kipindi2-dk07-sk40.jpg, yaani Pyramids of Mars, kipindi cha pili, dakika ya saba na sekunde ya arobaini. Maelezo yaandikwe ndani ya picha kwa programu ya digiKam, si kwenye daftari pembeni, maana daftari hupotea na picha zikabaki mabubu.

Kama mko watatu na mnataka kitu kitakachotumika, chagueni kwa mkono, anzeni na hadithi moja, na mwezi ukiisha mpime mwendo wenu kabla ya kugusa ya pili. Kama uko peke yako na unapenda kushona, kamata kila sekunde ya hadithi moja, ukimaliza koti ufute. Kama mna watoto wa shule wanaokuja Jumamosi, ya tatu ndiyo itakayowarudisha wiki inayofuata, na hizo mbili watajifunza humohumo. Nywila ya seva iwe kwa watu wawili, na angalau mmoja wao asiwe mtu wa meli.